Chonga huzaliwa kwenye gogo: namna ya kumwahi kabla hajapanda mnazini

Mnazi uliopitiwa na chonga, mbawakawa mwenye pembe, huonekana kabla hujafika chini yake. Kuti lililofunguka lina pengo la mshazari pande zote mbili, mfano wa herufi V, kana kwamba limepigwa mkasi likiwa bado limekunjwa. Mwenye shamba akiona hivyo hutazama juu tu: humwita mkwezi, hununua dawa, hulipa. Huku nyuma ya zizi limelala gogo la mnazi uliokufa mwaka juzi, na humo ndani mabuu wanaendelea kunenepa bila kuguswa. Kazi ya kilele ina nafasi yake, tutaifikia mwishoni. Lakini ukianza nayo utairudia kila msimu.

Maelezo haya yanafuata hali ya mashamba ya Malindi, kuanzia Msabaha hadi Mambrui, na visiwa vya Lamu ambako minazi, mitende na mikoma husimama pamoja. Chonga hushambulia jamii yote hiyo, ila mnazi ndio anaoupenda zaidi.

Mdudu mmoja, nyumba mbili

Chonga, ambaye wataalamu humwita Oryctes monoceros, ni mbawakawa mweusi au wa kahawia iliyokolea, anayeng'aa, mwenye urefu wa sentimita 4 hadi 5. Ana pembe moja kichwani, ndefu kwa dume na fupi kwa jike. Ikiwa pembe haikupi jibu, mtazame nyuma: jike ana kishada cha manyoya mekundu mwishoni mwa tumbo. Huruka usiku na taa humvuta, ndiyo maana asubuhi hupatikana akihangaika barazani. Pembe yake haidhuru mtu.

Jambo la kushika ni hili: anayekula mnazi hai ni mkubwa peke yake. Hutoboa kwenye kwapa la kuti, huingia hadi makuti machanga yaliyokunjwa katikati, hutafuna nyuzi na kunywa maji yake. Buu hana haja na mti hai. Yeye hula mti uliokwisha kuoza, samadi iliyokomaa, au lundo la unga wa mbao. Jike akitaka kutaga hushuka kutoka kileleni, hutafuta uozo, na huweka yai moja moja mahali penye unyevu.

Yai huanguliwa baada ya siku 10 hadi 12. Buu hupitia hatua tatu, akijivua ngozi kila anapokua, na hukaa kwenye chakula chake kwa muda wa miezi 3 hadi 6. Mti mkavu humchelewesha. Mti mlaini wenye unyevu humharakisha. Kisha hujitengenezea chumba kwenye vumbi la mti au udongo, huwa pupa, yaani hutulia akigeuka kutoka buu kuwa mbawakawa, kwa takriban wiki 3, na akishageuka hubaki humo siku kadhaa mpaka gamba likaze. Ukijumlisha, haiwezekani yai lililotagwa leo likawa chonga anayeruka kabla ya miezi 4. Hesabu hiyo ndiyo itakayokupa ratiba: uozo wowote unaofunguliwa na kuchambuliwa kila baada ya miezi 2 hautoi chonga.

Kusoma kilele ukiwa chini

Mnazi uliokomaa hutoa kuti jipya kama moja kwa mwezi. Kwa hiyo kilele ni kalenda. Pengo la V kwenye kuti la nne au la tano kutoka katikati ni habari ya miezi mingi iliyopita, na chonga aliyelikata huenda amekwisha kufa. Ukiona makuti mawili matatu yaliyofuatana yana mapengo kwa urefu unaolingana, usidhani ni wadudu watatu. Ni tundu moja lililopita katikati ya makuti yote yakiwa yamekunjwa pamoja.

Dalili ya leo ni nyingine: nyuzi zilizotafunwa zikining'inia kwenye kwapa la kuti changa. Zikiwa nyeupe au za manjano na bado zina maji, mdudu yumo ndani. Zikiwa kavu na za kahawia, amekwisha kuondoka. Mgema akiwa na mnazi huo anagema, muulize yeye kwanza. Anapanda asubuhi na jioni, anajua kila tundu lilipo, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mnazi mrefu unaozaa hustahimili mapengo kadhaa, ingawa chonga akikata karara changa utapungukiwa na nazi baadaye. Wa kuhofia ni mche wa mwaka 1 hadi 5. Kilele chake kiko karibu, moyo wake ni mdogo, na tundu moja likifika moyoni basi hakuna mnazi tena. Kuti la katikati hunyauka, ukilivuta linatoka lote likinuka. Hata moyo ukisalimika, lile jeraha ni mlango wa uozo na wa fukusi wa mnazi, mdudu mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye mabuu wake hula ndani ya mti hai mpaka uanguke.

Kukagua gogo

Beba shoka, mtaimbo, panga, ndoo yenye mfuniko na glavu nene. Usigeuze gogo kwa mikono. Nge na tandu hukaa chini yake, na nyoka pia, hasa lililolala kwenye majani. Ligeuze kwa mtaimbo ukiwa umesimama upande unaolivutia, ili kilichomo kitokee upande wa pili.

Gogo la mnazi hudanganya. Nje ni gumu kwa sababu nyuzi nene zimesongamana karibu na ganda. Ndani ni laini, ndiko kunakooza kwanza. Unaweza kulikalia gogo lililo tupu ndani. Ligonge kwa kisogo cha shoka kila nusu mita. Linapolia kama lina uwazi, pasua hapo. Ukikuta unga wa kahawia wenye vipande vigumu vidogo vilivyojaa tele, hivyo ni vinyesi vya mabuu, na wenyewe hawako mbali. Chimbua mpaka ufike mti mweupe usioingia ncha ya panga. Usiishie pale ulipoona buu wa kwanza. Wakubwa hukaa ndani zaidi, na wadogo, ambao ni rahisi kuwakosa, wako karibu na pale mti mzima unapokutana na ule ulioharibika.

Mnazi uliokufa ukiwa bado umesimama ni mbaya kuliko gogo. Huoza kuanzia juu, na chonga huanza kutaga hukohuko. Ukiugonga chini kiunoni utalia mzima kabisa, uondoke umeridhika, na juu yako kuna mita 2 au 3 zilizojaa mabuu. Kwa hiyo usiupime kwa kuugonga: mnazi usio na kilele uhesabu kuwa una chonga. Mkwezi asiupande hata ukionekana imara. Uangushwe na mtu mwenye msumeno wa mashine anayeijua kazi hiyo, watu na punda wakae umbali wa mara mbili ya urefu wa mti, kwa kuwa ncha iliyooza inaweza kukatika kabla shina halijalala na kumrudia mkataji. Mti ukianguka, anza na ncha siku hiyohiyo. Mabuu waliotawanyika kwenye nyasi watajizika.

Wakati mzuri wa ukaguzi ni baada ya masika, Julai na Agosti, mti ukiwa na unyevu na mabuu wakiwa wakubwa kiasi cha kuonekana. Raundi ya pili iwe Januari, kaskazi ikiwa imekausha njia, maana kupasua na kukausha ndipo kunapowezekana. Kati ya hizo mbili, malundo ya samadi yanafuata ile ratiba ya miezi 2.

Si kila buu ni wa chonga

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Mti uliooza una wakazi wengi na wengi wao hawana kosa. Ni wao wanaogeuza mti kuwa udongo. Weka buu kwenye ubao bapa kabla hujaamua.

Buu wa chonga ni mnene, mweupe wa maziwa, amejikunja kama nusu duara. Ana kichwa cha kahawia na miguu sita karibu na kichwa. Sehemu ya nyuma huonekana ya kijivu kwa sababu ya chakula kilicho ndani. Aliyekomaa ana unene wa kidole gumba au zaidi, na akinyooshwa hupita sentimita 6. Ukimweka kwenye ubao hulala ubavu na kujikunjakunja mahali pamoja, hafiki popote.

Buu wa mbawakawa wa maua, wale wa rangi za kumetameta wanaoonekana mchana kwenye maua na maembe yaliyoiva sana, hufanana naye kwa umbo ila kichwa chake ni kidogo na miguu mifupi. Jibu lake ni la papo hapo: hujigeuza chali na kutambaa kwa mgongo, miguu ikiwa juu. Ukiona hivyo mrudishe alikotoka. Hawa hukaa zaidi kwenye mbolea ya majani na mashimo ya miti, na buu wao hamsumbui mkulima.

Buu mrefu aliyenyooka, bapa kidogo kichwani, ambaye huioni miguu yake, na ambaye umemtoa kwenye handaki la mti mgumu wa mwembe au mkorosho, ni wa mbawakawa wenye vipapasio virefu. Mti uliokwisha kufa ni haki yake.

Buu mnene asiye na miguu kabisa, mwenye kichwa kigumu cha kahawia, uliyemkuta ndani ya mnazi hai au uliokufa juzi huku mti ukinuka uchachu, ni wa fukusi. Akitaka kuwa pupa hujisokotea kifuko cha nyuzi za mnazi. Chonga hafanyi kifuko cha nyuzi. Huyu muue, na mti alioukalia uangushwe haraka, maana tiba yake ikichelewa haipo.

Kwa msingi huohuo, usipeleke shoka kwenye mirihi na mibambakofi iliyoanguka ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke au kwenye vichaka vilivyobaki pembezoni mwa shamba. Msitu huo ni hifadhi, kuchukua magogo au wadudu bila kibali ni kosa, na ndege wanaotaga kwenye mashimo ya miti wanaitegemea miti hiyo iliyokufa. Minazi yako iliyokufa ndiyo inayokuhusu.

Mabuu wa chonga uliowakusanya wape kuku au bata. Wamwage palipo wazi na usimame mpaka waishe. Ukiwaacha kwenye udongo laini huingia ndani kabla kuku hawajafika.

Gogo lifanywe nini

Bora kabisa ni kulipasua mbao likiwa bado zima. Sehemu ya chini ya mnazi mzee, upande wa nje, hutoa mbao ngumu, na wanunuzi wapo. Mti ukikaa masika moja umelala, nafasi hiyo imekwenda.

Usipopata mnunuzi, kata vipande vya mita 1, kisha pasua kila kimoja mara nne kwa urefu. Vipange juu ya mawe, tabaka moja likipita juu ya jingine kwa njia panda, upepo upite. Kipande kilichopasuliwa hukauka katika jua la kaskazi, na mti mkavu jike hautagii. Kosa la kawaida ni kukata vipande virefu bila kuvipasua: ganda la nje hufunga maji ndani, na umemtengenezea chonga nyumba nyingi badala ya moja.

Kuchoma kunafaa kwa vilivyokauka tu. Gogo bichi huungua nje, ndani mabuu wakabaki hai. Choma asubuhi mapema kabla upepo haujashika, mbali na nyumba za makuti, na maji yawepo karibu. Kufukia kwa udongo mwembamba ni bure. Jike huchimba bila shida.

Kisiki husahauliwa na kila mtu. Huoza katikati kikawa bakuli linaloshika maji ya mvua, pakawa mahali pazuri kabisa pa kutagia. Kikate usawa wa ardhi, kichimbue katikati, kijaze makumbi makavu na vifuu, ukichome polepole mpaka kibaki shimo, kisha shindilia udongo.

Samadi, unga wa mbao, na mavi ya punda

Lamu haina uhaba wa punda, na mavi yao hurundikwa nje ya mji na pembeni mwa mashamba kwa miezi. Malindi ni samadi ya ng'ombe, na unga wa mbao kwenye viwanda vidogo vya kupasulia. Malundo haya yote chonga huyatumia kama gogo. Usiyaache yakae juu ya udongo mtupu kwa muda mrefu. Geuza lundo zima kila baada ya miezi 2 ukichambua kwa reki, hasa kingo na chini, maana katikati panapowaka joto mabuu hawakai. Likikomaa, litandaze shambani lote. Usiache kiporo cha chini kwa ajili ya msimu ujao.

Kisiwani Guam, katika Bahari ya Pasifiki, ambako wanapambana na ndugu wa chonga, walijifunza kufunika malundo ya mbolea kwa nyavu za kuvulia. Chonga anayeingia au kutoka hunasa miguu. Sisi wa pwani nyavu kuukuu tunazo kuliko mbolea yenyewe. Chukua ya nailoni yenye macho ya kuingiza kidole gumba, itandaze ikiwa imelegea, yenye mikunjo. Iliyovutwa ikakaza humwachia atembee juu yake. Ikague kila asubuhi, kwa sababu hunasa pia ndege na vinyonga.

Lundo la mtego

Ukiisha kusafisha shamba, chonga watakaotoka kwa jirani watatafuta pa kutagia. Wape mahali unapopajua wewe. Chimba shimo la mita 1 kwa mita 1, kina cha sentimita 50, upande ulio mbali na miche. Jaza vipande vya mnazi vilivyooza ulivyokwisha kuvichambua, changanya karai mbili za samadi, mwagia maji ndoo moja, funika kwa makuti. Jua likizidi, mwagia tena kila wiki.

Andika tarehe kwenye kibao palepale. Baada ya miezi 2 toa kila kitu, chambua, wape kuku, rudisha. Usipoweza kuhakikisha hilo, usichimbe kabisa. Mtego uliosahauliwa miezi 6 ni mbaya kuliko gogo, kwa kuwa umeuchagulia mahali, umeutilia samadi na umeunywesha maji.

Feromoni ya chonga, yaani harufu ya kumwita, ipo na huvuta dume na jike pamoja. Itundikwe kwenye ndoo pembeni mwa shamba, kamwe si katikati ya miche, la sivyo utawaita wapite kwenye miche wakienda ndooni. Bila usafi wa magogo ni pesa ya bure.

Sasa kilele

Kwa mche au mnazi unaofikika, kulabu ndiyo dawa. Waya wa chuma wa milimita 3 hadi 4, urefu wa sentimita 40 hadi 50, uchongwe ncha na ukatwe kijino kama cha ndoana. Ondoa nyuzi zilizotafunwa, ingiza waya taratibu ukifuata njia ya tundu lenyewe, na ukihisi ugumu unaokwaruza, choma na kuvuta. Usisukume penye ulaini usio na njia. Huko ni moyo wa mnazi, na wewe utakuwa umemaliza kazi aliyoianza chonga.

Tundu likiwa tupu, lijaze mchanga uliochanganywa na mashudu ya mwarobaini. Kinga ya miche ni mchanganyiko huohuo: gramu 250 za mashudu na mchanga mkavu kiasi hicho hicho kwa mche mmoja, ukigawa kwenye makwapa matatu ya ndani kabisa. Mchanga humkwaruza chonga kwenye viungo, mwarobaini humchukiza. Mvua huosha, kwa hiyo rudia mara tatu kwa mwaka: kabla ya masika, Agosti, na baada ya vuli. Wasio na mashudu hutia mchanga peke yake, nao husaidia kidogo. Mchanganyiko usiufunike moyo wenyewe, uishie kwenye makwapa.

Kipande cha wavu kikizungushwa kwa ulegevu chini ya kuti la katikati hunasa pia, lakini kila mwezi kuna kuti jipya linalopanda. Usipokifungua na kukifunga upya, kitalikaba.

Oili chafu na dizeli visimwagwe kileleni; huunguza moyo hata kama chonga amekufa. Vidonge vya kufukuzia nondo kabatini visitiwe kwenye mnazi unaogemwa wala unaochumwa madafu. Dawa za dukani zenye sumu kali ziachie maelekezo ya afisa kilimo wa wadi, pamoja na swali la lini madafu yatanyweka tena.

Mche uliopoteza kuti la katikati usiung'oe siku hiyo. Kata kuti lililooza mpaka ufike palipo peupe, acha pakauke, subiri miezi 2 hadi 3. Mara nyingine moyo umepona na kuti jipya hutokea ubavuni, limepinda, lakini zima. Lisipotokea, ng'oa pamoja na shina lake lote, lipasue, na usipande mche mwingine kwenye shimo hilo mpaka uhakikishe gogo na visiki vya karibu vimekwisha kuondolewa.